Aina za maumivu ya kichwa na tiba ya kairopraktiki

Maumivu ya kichwa (pia: kuumwa kichwa) ni maumivu yanayosikika katika sehemu yoyote ya kichwa, kuanzia kwenye nyusi hadi kisogoni, mara nyingine yakishuka hadi shingoni. Ni dalili, wala si ugonjwa mmoja. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa, toleo la tatu la mwaka 2018, umeyapanga katika sura 14, na kila sura ina aina nyingi ndani yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1 hivi, yaani asilimia 40 ya watu wote duniani, walikuwa na tatizo mojawapo la kuumwa kichwa.

Kairopraktiki ni tiba ya mikono inayoshughulikia viungo vya mwili, hasa pingili za uti wa mgongo, kwa kuvibonyeza au kuvisukuma ghafla. Maumivu ya kichwa ni mojawapo ya sababu zinazowapeleka watu kwa watoaji wa tiba hiyo. Makala hii inaeleza aina kuu za maumivu ya kichwa na ni ipi kati yake inayoweza kusaidiwa na tiba ya namna hiyo. Mifano ya mazingira imechukuliwa katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania, pamoja na mji wa Mikumi uliomo ndani ya wilaya hiyo.

Kinachouma ni nini

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa, misuli, mishipa ya damu na utando unaofunika ubongo. Habari za maumivu kutoka usoni na kwenye utando huo husafirishwa na neva kubwa ya uso, ambayo kila upande ina matawi matatu: la paji la uso, la shavu na la taya. Neva zinazotoka katika pingili tatu za juu za shingo huingia karibu na mahali neva hiyo ya uso inapoishia, chini ya ubongo. Kwa hiyo ubongo unaweza kukosea na kusikia tatizo la shingo kama maumivu ya paji la uso au ya nyuma ya jicho. Mkutano huo wa neva ndio msingi wa hoja yoyote ya kutibu kichwa kwa kugusa shingo.

Maumivu ya msingi

Maumivu huitwa ya msingi pale ambapo hakuna ugonjwa mwingine unaoyaleta. Ndiyo ya kawaida zaidi.

Maumivu ya mkazo yanaongoza kwa wingi. Mgonjwa husema kichwa kinambana pande zote mbili, kama amefungwa kilemba kilichokazwa mno. Hayagongi wala hayatapishi, na mtu anaweza kuendelea na kazi huku akinung'unika. Hudumu kuanzia nusu saa hadi siku 7. Uchovu, wasiwasi, njaa, kukosa usingizi na kuinama muda mrefu ni vichocheo vyake.

Kipandauso ni kikali zaidi. Mara nyingi hushika upande mmoja, hugonga kwa mapigo kama ya moyo, na huongezeka mtu anapotembea au kupanda ngazi. Huja pamoja na kichefuchefu au kutapika, na mwanga na kelele humuudhi mgonjwa hata akatafuta chumba chenye giza. Kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na dalili za macho: mistari ya mwanga yenye pembepembe, au sehemu ya kitu kinachotazamwa kutoonekana, kwa dakika 5 hadi 60. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi hufuatana na siku za hedhi. Kipandauso hurithiwa katika familia. Hilo ni muhimu kulisema, kwa kuwa mama na binti wanaougua namna moja huenda wakadhaniwa wamerogwa na mtu mmoja.

Wako waliodhani kwamba kipandauso ni ugonjwa wa wazungu au wa watu wa mjini. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Tanzania vijijini umeonyesha vingine. Utafiti wa kusini mwa nchi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kipandauso kwa karibu mtu 1 katika kila 20, na mwingine mkubwa zaidi, uliofanywa miaka ya 2003 na 2004 katika eneo la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huko kaskazini, ulihoji watu zaidi ya 7,000 na kukuta aina zote mbili, kipandauso na maumivu ya mkazo. Wagonjwa wapo, jina la ugonjwa wao ndilo linalokosekana kwenye daftari la zahanati.

Maumivu ya mfululizo ni machache lakini ni makali kupita yote. Hushika jicho moja na panda la uso la upande huohuo kwa dakika 15 hadi saa 3, hata mara kadhaa kwa siku, tena karibu saa ileile kila usiku. Jicho huwa jekundu na kutoa machozi, na pua ya upande huo huziba au kuvuja. Mgonjwa wa kipandauso hulala tuli. Huyu hawezi kutulia, huzunguka chumbani. Hewa safi ya oksijeni inayovutwa kwa kinyago kwa dakika 15 hivi huwatuliza wengi.

Maumivu yanayoletwa na jambo lingine

Hapa kichwa ni mjumbe tu wa tatizo lililo mahali pengine. Katika mabonde ya Kilosa, jambo la kwanza linalotajwa ni malaria, na si kosa kulitaja: malaria huleta homa, baridi na kichwa kuuma. Kosa ni kumeza dawa ya mseto bila kipimo. Tangu mwaka 2010 WHO inaelekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Mtu ambaye kila mwezi "anashikwa na malaria" bila homa, anatapika, anajifungia gizani na siku ya tatu yuko shambani, inafaa aulizwe habari za kipandauso.

Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Wakata miwa wa bonde la Kilombero na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa hupoteza maji mengi kwa jasho. Mwanafunzi anayeumwa kichwa kila siku kuanzia kipindi cha nne apimwe macho, lakini kwanza aulizwe kama amekunywa chai asubuhi; miaka mingi darasani inaonyesha kwamba swali la pili hupata jibu mapema kuliko la kwanza. Anayekunywa kahawa au chai kali kwa wingi kila siku huumwa kichwa akiiacha ghafla.

Moshi wa jiko la mkaa unahitaji kutajwa peke yake. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kutapika, usingizi na kifo. Ikiwa wote waliolala chumba kimoja wameamka na maumivu ya kichwa, kinachotakiwa ni kutoka nje mara moja na kufungua milango. Dawa ya maumivu haina kazi hapo.

Shinikizo la damu hulaumiwa kuliko inavyostahili. Presha iliyopanda kiasi haimuumizi mtu kichwa, na ndiyo sababu wengi hukaa nayo miaka bila kujua. Huumiza ikipanda sana, kufikia 180 kwa 120 au zaidi. Kwa mama mjamzito hesabu ni nyingine: baada ya wiki ya 20, maumivu ya kichwa yakiambatana na presha ya 140 kwa 90 au zaidi, macho kuona ukungu, au maumivu ya juu ya tumbo, yanaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachokuja. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hatari inaendelea hata siku za kwanza baada ya kujifungua.

Homa ya uti wa mgongo huleta kichwa kikali, homa na shingo kukakamaa. Kwa watu wenye Virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka sana, kuvu wa kriptokoka huleta aina inayoanza polepole, kichwa kikiuma kwa wiki mbili au tatu bila homa kubwa. Utafiti uliofanywa katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuwapima wagonjwa hao mapema kama wana kuvu huyo, pamoja na kuwafuatilia nyumbani wiki za mwanzo za dawa, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Wakati huo walikuwa bado wanatembea wenyewe kuja kliniki, wengi wao bila kulalamika juu ya kichwa.

Maumivu yaletwayo na dawa zenyewe

Jambo hili huwashangaza wengi. Mtu mwenye kipandauso au maumivu ya mkazo akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma karibu kila siku kwa sababu ya dawa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Vidonge hivyo huuzwa kimojakimoja hata kwenye kioski, kwa hiyo mnunuzi hana kumbukumbu ya idadi. Tiba ni kuviacha. Siku za kwanza maumivu huongezeka, kisha hupungua ndani ya wiki chache.

Kipimo cha mtu mzima ni vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24. Aspirini haipewi watoto na vijana chini ya miaka 16. Inapokuwepo hofu ya dengi, aspirini na ibuprofeni ziepukwe kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu.

Maumivu yanayotoka shingoni

Haya huanzia kisogoni upande mmoja na kupanda hadi paji la uso au jicho. Hayahami upande. Huchochewa na kugeuza shingo au kukaa mkao mmoja, na shingo yenyewe huwa ngumu: mgonjwa hawezi kuangalia begani kama zamani. Chanzo ni viungo vya pingili za juu za shingo, vilivyochakaa au kuumia kwa ajali au kuanguka.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na uzito huo wote unashuka kupitia pingili saba za shingo. Kata ya nguo au ya majani hutawanya uzito juu ya utosi lakini haiupunguzi. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kuelekea Tunduma kwa barabara kuu inayokatiza Mikumi hukaa saa nyingi kichwa kikiwa mbele ya mabega. Fundi cherehani huinama. Mwenye simu naye huinama. Si kila mmoja wao anayeumwa kichwa ana ugonjwa wa shingo, maana kipandauso nacho hukakamaza shingo kabla ya kuanza. Hapo ndipo wagonjwa, na hata watabibu, hukosea zaidi.

Kairopraktiki

Jina limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mkono" na "tendo". Tiba hiyo ilianzishwa na Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, mwezi Septemba 1895. Inasimuliwa kwamba alisukuma pingili ya mgongo ya Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa haisikii vizuri, na usikivu wake ukarudi. Palmer alifundisha kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama mahali pake na kubana neva. Sayansi haikuthibitisha dai hilo. Siku hizi watoaji wengi wa tiba hiyo wameliacha na kujihusisha na maumivu ya mgongo, shingo na kichwa, ingawa wengine bado wanalishikilia.

Mgonjwa hulazwa au kukalishwa. Mtoa tiba hupapasa shingo, kisha husukuma kiungo kwa kasi na kwa umbali mdogo. Mlio wa "ko!" unaosikika ni viputo vya gesi katika ute wa kiungo. Si mfupa uliorudi mahali pake.

Ushahidi unatofautiana kulingana na aina ya maumivu, na hili ndilo la kuangalia kabla ya kulipa fedha:

Kwa maumivu yanayotoka shingoni, ushahidi ni wa kiasi lakini upo. Jaribio lililofanywa Australia kwa wagonjwa 200 na kuchapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba tiba ya mikono ilipunguza maumivu, na mazoezi maalumu ya misuli ya shingo nayo yaliyapunguza kwa kiwango kinachokaribiana, faida ikidumu mwaka mzima. Walioifanya tiba hiyo walikuwa wataalamu wa tiba ya viungo, si wa kairopraktiki. Kinachofaa ni mbinu, jina la mtendaji si kitu.

Kwa kipandauso, jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 104, liliwagawa katika makundi matatu: waliosukumwa pingili kwelikweli, walioguswa kwa namna ya kuiga tu, na walioendelea na dawa zao. Siku za kuumwa zilipungua hata kwa walioguswa kwa kuiga. Watafiti walihitimisha kwamba nafuu hiyo yaelekea ilitokana na imani ya mgonjwa. Kwa maumivu ya mkazo matokeo ya tafiti yanapingana. Kwa malaria, presha, kifafa cha mimba, homa ya uti wa mgongo na moshi wa mkaa, kusukuma shingo hakuna nafasi yoyote.

Hatari yake

Maumivu ya misuli kwa siku moja au mbili baada ya tiba ni ya kawaida. Hatari kubwa ni adimu: mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo hupita katika matundu ya pingili za shingo, na ukuta wa ndani wa mshipa ukichanika, damu huganda na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, uliona kwamba kiharusi cha aina hiyo kilihusiana na kumtembelea mtoa kairopraktiki, lakini pia na kumtembelea daktari wa kawaida. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wengi walikuwa tayari wamechanika mshipa, na maumivu yake ndiyo yaliyowapeleka kutafuta tiba. Maelezo hayo hayapaswi kumtuliza mtu: ina maana kwamba anayekuja na maumivu mapya na makali ya shingo na kichwa anaweza kuwa ndiye ambaye shingo yake haifai kuguswa.

Wasiosukumwa shingo kabisa ni pamoja na wenye mifupa iliyodhoofika, kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyoenea mifupani, baridi yabisi iliyofika shingoni, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na waliotoka kupata ajali ambao hawajapigwa picha. Tahadhari hiyohiyo inamhusu kinyozi anayemaliza kazi kwa kumzungusha mteja shingo mpaka ilie. Desturi hiyo ingeachwa.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2005 unataka mtoa kairopraktiki awe na mafunzo yasiyopungua saa 4,200, kati yake saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Nchini Tanzania, tiba zisizo za hospitali husimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mgonjwa ana haki ya kuuliza cheti cha usajili kabla ya kulala kitandani.

Tiba ya mikono na huduma katika Kilosa na Mikumi

Tiba ya mikono si ngeni katika eneo hili. Wapo wakandaji wanaochua kwa mafuta na waunga mifupa. Kuchua misuli ya mabega na kisogo kwa upole hutuliza maumivu ya mkazo na hakuna ubaya wowote. Kuumika kwa pembe na kuchanja chale kwenye panda za uso ni mambo mengine: wembe uliotumiwa kwa mtu mwingine unaweza kuambukiza Virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Mgonjwa huanzia kwenye zahanati, kituo cha afya au duka la dawa muhimu, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au Hospitali ya Mtakatifu Kizito kwa walio Mikumi, na rufaa huelekea Morogoro mjini. Ikihitajika picha ya ubongo ya kiwango cha juu, hospitali kubwa ni Muhimbili jijini Dar es Salaam na Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Wengi hawahitaji picha hiyo. Maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa kawaida hutosha kutambua kipandauso, na dawa za kukizuia kama propranolol na amitriptyline ni za zamani na bei yake si kubwa, mradi ziandikwe na mtabibu: propranolol haifai kwa mwenye pumu.

Dalili zinazotaka hospitali mara moja

Maumivu yaliyofika kileleni ndani ya dakika moja, ambayo mgonjwa huyaita makali kuliko yote maishani mwake. Homa pamoja na shingo kukakamaa. Kuchanganyikiwa, degedege au usingizi usio wa kawaida. Mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au maneno kukwama. Maumivu baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Maumivu mapya kwa aliyevuka miaka 50, kwa mjamzito, au kwa mwenye kinga iliyoshuka. Maumivu yanayoongezeka wiki hadi wiki, au yanayomwamsha mtu alfajiri akitapika. Kwa yeyote kati ya hao, kuchuliwa, kuchanjwa na kusukumwa shingo kusubiri.

Kumbukumbu ya mgonjwa

Kwa asiye na dalili hizo, chombo cha uchunguzi ni daftari la shule na kalamu. Kwa wiki nne aandike kila siku: kichwa kimeuma saa ngapi hadi saa ngapi, upande gani, kinagonga au kinabana, kama ametapika au amekimbia mwanga, amelala saa ngapi, amekula nini na saa ngapi, amebeba au ameinama kiasi gani, amemeza vidonge vingapi vya aina gani, na kwa mwanamke, tarehe za hedhi. Mtabibu akisoma kurasa nne za namna hiyo mara nyingi hutambua aina ya maumivu kabla ya kumgusa mgonjwa.